Serveri wa Papa Gratien

Ntabaza hakuwa na duka, hakuwa na diploma, hakuwa na mke wa kumuuliza anatoka wapi, wala haya. Alichokuwa nacho ni mashine moja nyeusi, nzito kama mfuko wa saruji, iliyotupwa na ofisi fulani ya Bukavu.

Wasomi huiita seva. Imeundwa kuhudumia kompyuta nyingi kwa mpigo, katika chumba cha baridi, bila skrini na bila kupumzika. Kuandika bili za brosheti, mishikaki ya baa, kwa mashine hiyo ni sawa na kupalilia vitunguu kwa greda. Lakini Wafaransa, na sisi wa Cyangugu nyuma yao, huiita serveri, kama tunavyomwita mhudumu wa baa. Basi Ntabaza aliposikia Papa Gratien, mwenye baa kando ya ziwa, akilia kwamba hana serveri, aliona riziki imemwita kwa jina.

"Papa, niko na serveri ya kweli. Inahudumia bantu mia mara moja. Hailale, haikunywe bia ya bateja."

"Haiko na mazishi kule Giheke kila juma?"

"Haiko na ndugu hata mumoja."

"Muzuri. Ila kwangu serveri haingie bila mudhamini. Ikishindwa kazi, mudhamini anaifanya mpaka alete mwingine. Acha kitambulisho na telefone. Malipo, mwisho wa mwezi."

Ntabaza aliviacha vyote viwili, akatia saini ya mdhamini akiuma midomo asicheke.

Jumamosi mashine iliwashwa, ikanguruma kama kinu cha mahindi. Papa Gratien aliweka sinia la chupa juu yake, akangoja kwa heshima.

"Haitembee," alisema.

"Papa, ile ni ordinateri, ni kompyuta."

"Ulisema serveri." Akampa aproni. "Bantu mia hatuna. Beko makumi ine tu, na beko na kiu."

Kwenye kaunta, Ntabaza alimkuta Josiane, binti wa mwenye baa, akiandika bili kwenye kompyuta ndogo isiyotoa hata pumzi.

"Ile iko hapa tangu lini?"

"Zamani. Kazi yetu ni kuandika na kujumlisha, hii inatosha. Papa alikosa serveri wa miguu tu. Meza ya pale mwisho inakuita."

Wiki iliyofuata, nyayo zikiwaka moto, Ntabaza aliazima kalamu akamwandikia Osée, mjanja mwenzake wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka: "Ndugu, nimekupatia kazi ya heshima katika mambo ya serveri. Usisahau kitambulisho."

Akalamba bahasha, akaikandamiza kwa ngumi, akampa Maman Mwavita, mchuuzi aliyekuwa akielekea mpakani, aivushe asubuhi hiyo hiyo.