Jambazi Anayemlaza Atieno

Jamani, leo nimejiaibisha mbele za watu. Tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua natunga hadithi. (Nyinyi mnaosema napoteza muda, leo mmepata ushahidi.) Sasa, watu wa redio walikuja Kawangware, kwenye ukumbi ulio karibu na soko, kutafuta wasimulizi. Ukichaguliwa, unasikika hewani na hadithi yako. Nafasi hiyo niliitaka kuliko nyama ya Krismasi. Mama yangu kule nyumbani ana redio, na hajawahi kuamini kwamba haya maandishi yangu ni kazi.

Mke wangu ni nesi, wiki hii yuko zamu ya mchana. Mimi nikitoka kiwandani asubuhi, zamu ya usiku, namfunga binti yetu mchanga Atieno mgongoni kwa leso, nasimama kando ya kabati, naandika. Ndiyo, mgongoni! Wanaume wa mtaa wetu wa Kianda wamenicheka mpaka wamechoka. Akilia, namsomea nilichoandika huku nikiyumba na kumpigapiga taratibu. Wimbo hataki. Anataka yule jambazi wa hadithi yangu. Ukurasa mmoja tu, amelala.

Leo nikasema hapana, leo naenda kama mwandishi. Nikavaa koti. Atieno akabebwa na Mama Zaituni, mwenye nyumba wetu, Mnubi mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki.

Jina langu likaitwa. Mtangazaji, bwana mmoja wa miwani, akanisogezea maikrofoni. "Haya Baba Atieno, tutishe basi."

Nikaanza. Mvua inanyesha, jambazi ananyemelea vichochoro vya Sarang'ombe na panga lake. Ukumbi kimya. Nikajisikia! Kisha mtu akacheka. Na mwingine. Nikaongeza ukali, wakazidi. Kina mama wa mbele walikuwa wamejiziba midomo kwa leso.

"Wewe Baba Atieno!" Mama Zaituni akaita kutoka nyuma. "Si uwache kuyumba! Mtoto niko naye huku!"

Nikajitazama. Jamani! Naenda kushoto, naenda kulia, magoti yamelegea, na mkono mmoja uko mgongoni unapigapiga koti tupu.

Ningenyamaza hapo, ningepona. Lakini nilikuwa nimefika pale jambazi anapoinua panga, na hapo ndipo Atieno hulia kidogo kabla ya kulala. Akalia, kule nyuma. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Jambazi akainua panga," nikasoma kwenye maikrofoni, "akasema... sssh, sssh, lala mama, baba yuko hapa."

Mzee mmoja alicheka mpaka akaletewa maji. Atieno alilala palepale. Mimi nilitamani ardhi inimeze na koti langu.

Nikakunja karatasi, nikatafuta mlango. Mtangazaji akanifuata huku akifuta machozi chini ya miwani.

"Ngoja, ndugu. Hiyo sauti tunaitaka. Kipindi cha watoto, kile cha jioni kabla hawajalala. Lakini jambazi hapana. Tutengenezee sungura."

Sungura! Na vile nimemnoa yule jambazi wangu! Roho iliniuma, siwafichi. Kisha nikamfikiria mama na redio yake, nikakubali.

Sasa niko hapa kando ya kabati, panga nimeligeuza karoti. Chekeni tu, lakini chekeni polepole. Atieno ndiyo kwanza amelala.