Suti Nyeusi Kwenye Tenti ya Jirani

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya tenti nzima. Hapa ninapoandika nimejifungia chumbani, suti bado mwilini. Someni tu, lakini mtakaocheka nitawajua.

Mnajua nimestaafu. Miaka yote nimekuwa karani wa stoo katika kampuni moja kule Industrial Area. Nilikuwa natoka hapa Jericho alfajiri, narudi giza limeshaingia. Sasa niko nyumbani mchana kutwa na sielewi chochote. Kumbe mchana mtaa huu una watu wake! Juzi muuza maziwa aliniuliza kwa upole, "Mzee, wewe ni mgeni wa Mama Mutheu?" (Mama Mutheu ni mke wangu. Nyumba ni yangu.)

Na Mama Mutheu mwenyewe amenichoka. Nilimpangia sufuria zake kwa ukubwa na kila moja nikaibandika namba, kama stoo. Akaziangalia. Akaniangalia.

"Baba Mutheu, toka nje. Tafuta watu. Tafuta la kufanya hapa mtaani kabla hatujakosana."

Lilinichoma, sitaki kudanganya. Nitoke niende wapi? Nimfanyie nani nini?

Sasa, kuna jambo mnafaa kujua. Kazini nilikuwa na kazi ya pili. Mfanyakazi akifiwa, mimi ndiye niliyetumwa kuwakilisha kampuni. Suti nyeusi ilikaa nyuma ya mlango wa stoo, hotuba ilikaa kichwani, na maombi yangu yameliza watu kutoka Kitui hadi Busia. Hiyo kazi niliipenda. Tangu nistaafu hakuna aliyenituma popote.

Basi leo asubuhi naamka, Mama Mutheu hayuko. (Jana aliniambia anakokwenda. Nilikuwa naangalia habari, nikaitikia "mmh".) Nafungua dirisha.

Tenti nyeupe! Imesimama mbele ya mlango wa Mzee Wafula, yule jirani aliyestaafu reli. Viti vya plastiki vimepangwa. Nyuma ya nyumba moshi unafuka, akina mama wanapika kwa sufuria kubwa. Na benchi ambalo Mzee Wafula hukalia kila asubuhi, tupu.

Wiki iliyopita nilimwona akishikwa huku na huku kuingizwa kwenye teksi. Mzee ametuacha!

Mungu anisamehe. Nilihuzunika, ndiyo. Lakini pia nilifurahi kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilijua la kufanya. Nikavaa suti nyeusi. Nikapiga viatu rangi. Nikatoka.

Chini ya tenti waliketi watu nisiowajua, wamevaa vizuri, kimya, nyuso nzito. Nikajisemea hawa ni jamaa zake kutoka Bungoma. Nikapita nikimshika kila mmoja mkono, kichwa nimekiinamisha. Mzee mmoja mwenye kofia akanivuta kando.

"Wewe ndiye msemaji wa upande huu?"

Sijaulizwa swali tamu kama hilo tangu nitoke kazini.

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Sisi tuko tayari. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Maskini! Nikaona huzuni imemchanganya. Nikamshika bega, nikamwambia, "Mzee wangu, jipe moyo. Tuanze na maombi."

Wakasimama wote. Kofia zikavuliwa. Nikafumba macho.

"Baba wa mbinguni, kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote..."

(Mazoea! Nilisikia mtu akinong'ona, "Menejimenti gani?" Nikajifanya sijasikia.)

"...tunasimama mbele zako tukiwa na simanzi. Mzee Wafula tulimpenda, lakini wewe ulimpenda zaidi, ndiyo maana umemchukua."

Kiti kikaanguka. Nikajua maombi yanaingia. Nikapandisha sauti.

"Alikuwa mtu wa amani! Hakuwahi kugombana na jirani! Hakuna siku alimpandishia mkewe sauti!" (Mzee Wafula mimi namjua kwa salamu tu. Hizo sifa huwa ninazo tayari, nimewasifia nazo wengi.)

Mama mmoja mbele yangu akapasua kilio. "Uuuwi! Na hatujamwona hata uso!"

Hapo nilichanganyikiwa. Jamaa yake gani huyo ambaye hajawahi kumwona? Lakini maombi yakishaanza hayakatizwi. Nikasikia miguu ikikimbia kutoka jikoni. Kisha sauti ninayoijua vizuri sana.

"Baba Mutheu! Unafanya nini?"

Nikainua kidole, macho bado nimefumba. "Mama, tunaomba."

Na yeye akanyamaza! Wote wakanyamaza. Nani atamkatiza mtu anayezungumza na Mungu? Nikaendelea. Nikamwombea mjane. Nikawaombea watoto. Nikaomba njia nzuri hadi Bungoma, kwa wale watakaosindikiza mwili.

"Amina," nikasema.

"Amina!" sauti nzito ikaitikia nyuma yangu.

Nikafumbua macho. Mama Wafula, mjane wangu, amesimama na mwiko mkononi, mdomo wazi. Mama Mutheu ana unga hadi viwikoni. Mlangoni Nekesa, binti yao, amevaa gauni jipya linalometameta, machozi yanamtiririka. Nikageuka.

Mzee Wafula. Suti mpya, kiatu mguu mmoja, tai mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wote wananiangalia mimi, msemaji.

"Ni... ni wewe, Mzee," nikasema.

Jamani, sikujua pa kuutia uso wangu. Kumbe wale wageni ni wakwe! Wametoka Machakos kuja kujitambulisha, kijana wao anataka kumwoa Nekesa. Wamekaa kimya kwa sababu wageni wa namna hiyo hukaa kimya. Na ile teksi?

"Goti!" Mama Wafula akapiga kelele. "Ilikuwa goti tu! Na huyo asiyewahi kupandisha sauti ni Wafula yupi? Nionyesheni, nami nimjue!"

Nekesa akanijia. "Mzee, kwani nimekukosea nini? Siku yangu yote umeiharibu."

Nikatamani nirudi stoo nijifungie humo. Maana yule mzee wa kofia alikuwa amegeukia watu wake.

"Turudi nyumbani," akasema. "Maombi ya mazishi yakishaombwa, hapa hatuwezi kuongea mambo ya harusi. Tutakuja siku nyingine."

"Mjomba, lakini buda yuko fiti! Si huyo hapo!" kijana wa watu akalia, akimwonyesha Mzee Wafula kwa mikono miwili.

Mzee wa kofia akatingisha kichwa, akawa anaokota fimbo yake. Nekesa akajifunika uso. Nami ndiye niliyefanya hayo yote, kwa suti iliyopigwa pasi.

Mzee Wafula akachechemea hadi mbele ya mzee wa kofia.

"Mkwe, ngoja. Umesikia yale yaliyosemwa juu yangu?"

"Nimesikia."

"Mtu wa amani. Hagombani na jirani. Hampandishii mkewe sauti. Utaondoka umwache binti wa mtu kama huyo?"

Mzee wa kofia akamtazama Mzee Wafula. Akanitazama mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka hadi akakaa, na alipokaa, watu wake wote wakakaa. Mama Wafula akarudi jikoni akisema bado anamtafuta huyo mume wa kwenye maombi.

Mimi nikawa najisogeza pembeni nitoroke. Mzee Wafula akaniita.

"Jirani, njoo hapa. Nimehangaika na tai hii tangu asubuhi."

Nikamfunga tai. Mama Mutheu alinipita na sahani za chapati bila kuniangalia. "Nilikwambia utafute la kufanya," akasema. "Sikukwambia uzike watu."

Nikakimbilia hapa chumbani. Sasa hivi wananigongea, wanasema msemaji ndiye anayeombea chakula. Sijui kama ni heshima au ni adhabu.

Lakini kazi nimepata. Nilipokuwa namfunga tai, Mzee Wafula aliniomba kwamba siku yake ikifika, niombe vile vile, nisipunguze hata neno. Amenipa na namba yake, ili kwanza nimpigie. Asipopokea, ndipo nivae suti.