Friji ya Mama Mkwe Niliyoizika Ikiwa Hai

Leo sijui uso nimeuacha wapi. Nadhani uko kwa wakwe.

Mnajua namtaka Ngalula. Leo baba yake alikuwa aniambie kama nilete mahari au niende zangu. Nikaoga mpaka sabuni ikalia. Kufika, mama yake ameinama juu ya friji. Imezimika! Ndani kuku wa sikukuu ya kanisa wanaanza kuyeyuka.

"Tata, si we njo unatumikaka mu courant? Angalia basi."

Kweli, kazi yangu ndiyo hiyo, ufundi umeme. Nikatoa kipimo changu kipya (ndiyo, natembea nacho hata kwa wakwe). Nikachomoa friji, nikapima prizi ya ukutani. Volti mia mbili ishirini, safi!

"Courant iko, mama. Frigo njo imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Gawa kuku mbele ya kuoza."

Maskini, akagawa kuku kwa majirani, roho ikimuuma. Jirani yake, Mama Kapinga, akaomba na ile maiti ya friji awekee nguo. Tukambebea mpaka kwake. Akaichomeka tu, kujaribu.

Ikanguruma!

Nikarudi mbio kwa wakwe. Nikachomeka pasi, nikapima tena pembeni yake. Volti arobaini! Waya wa ukutani ulikuwa umebaki uzi mmoja. Kipimo hakinywi umeme, kinaonja tu, ndiyo maana kilisoma vizuri. Friji ikitaka kunywa, umeme unaporomoka. (Shuleni nilifundishwa hili. Nililifanyia hata mtihani!)

Nikaenda kwa mama.

"Mama, mi nilikosa. Frigo haikukufa. Ni waya. Nilipima bila kuweka kitu."

Baba mkwe akainua macho kwenye dari. Nikajua Ngalula ndiyo basi tena. Niliumia, siwafichi.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Papa Ngalula, umuachilie. Bengine bangesema ni buloji, ni uchawi. Huyu anasema alikosa."

Mzee akakohoa. "Bon. Alete mahari." Akanitazama. "Na kuku."

Ndipo Mama Kapinga akaleta sahani ya kuku aliyegawiwa. Firigisi, ile ya heshima ya mkwe, nikawekewa mimi.

Jamani, msinicheke. Heshima yangu ya kwanza ukweni nimeila leo, na imepikwa kwa jirani.