Mjomba wa Limbu

Ijumaa, 2 Agosti 1996
Siku kubwa! Redio imetangaza jioni. Wanatafutwa vijana wa timu ya taifa, chini ya miaka kumi na saba, wakacheze na Zambia huko Lusaka. Wateuzi wanapita mikoani. Wiki ijayo watakuwa Ifakara. Nilikuwa natia bitana koti la Mzee Dionisi, nikajichoma sindano kidoleni. Wala sikusikia maumivu. Nimeyasikia baadaye. Kimevimba.

Mimi, Fulgensi, fundi cherehani, ndiye kocha wa Mlabani Shooting. Na mimi ndiye niliyemgundua Limbu. Mwalimu Faustino wa timu ya Kivukoni anadai ni yeye, eti kwa sababu alimfundisha darasani na kumpa viatu vya mpira. Kumpa mtu viatu si kumgundua. Mimi nilimwona kwanza, akiwa kivukoni na ng'ombe wa baba yake. Alipiga teke tikiti bovu likatua ndani ya mtumbwi wa mtu katikati ya mto. Mwenye mtumbwi alitukana. Mimi nikaona Lusaka.

Nasikia mchezaji mdogo husindikizwa na mlezi wake. Mlezi hupanda ndege. Nimeshawaaga watu wote wa barazani. Domitila, mke wangu, ameuliza sare za kwaya zitashonwa na nani. Mwanamke huyu haoni mbali.

Jumapili, 4 Agosti 1996
Nimevuka mto kwenda kwa kina Limbu. Jua kali, vumbi, mbu mchana kweupe. Miaka yote hii nawalaumu Wasukuma kwa ng'ombe wao kuingia kwenye mipunga yetu, leo nimekaa kwao na kusifia ng'ombe mmoja mmoja. Wamenipa maziwa mgando. Nimekunywa kwa heshima. Tumbo halikuwa na heshima hiyo.

Limbu ni mrefu kama nguzo ya simu. Sauti nzito. Nikajua mara moja: huyu ana miaka kumi na tisa, si pungufu. Mama yake, Mbuke, akasema mwanawe ana kumi na sita. Nikamkonyeza kumwonyesha kwamba tumeelewana. Akaniuliza jicho limeingia nini.

Nikamchukua Limbu pembeni. Nikampa maelekezo. Wakimuuliza umri, aseme kumi na nne. Wakimuuliza mimi ni nani, aseme mjomba.

Akasema, "Lakini fundi, mimi nina kumi na sita kweli. Na wanataka chini ya kumi na saba."

Nikamweleza kwamba kila mtu atasema kumi na sita, kwa hiyo hakuna atakayeaminiwa. Kumi na nne ndiyo yenye uzito. Akasema atamuuliza Mwalimu Faustino. Nikamwambia akimuuliza Mwalimu, nafasi itapotea, na mama yake atalia. Anataka sana kwenda, yule mtoto. Mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Nimepanga vizuri. Nimempima na suruali ya safari.

Jumanne, 6 Agosti 1996
Siku ya balaa.

Nilisikia gari la wateuzi linaingia leo. Nikapata wazo: niwapokee Mkula, kijiji cha njiani, kabla Faustino hajawapokea Ifakara. Mgeni humkumbuka mtu wa kwanza. Nikapanda lori alfajiri, nikabeba jogoo na mchele wa kunukia. Nikasimama kando ya barabara nimevaa koti la Mzee Dionisi, ambalo bado lina pini begani.

Land Rover ikaja. Nikainua jogoo juu waone. Dereva akapiga honi, akakwepa, akapita. Walidhani nauza! Nimekula vumbi lao peke yangu.

Kurudi hakukuwa na gari mpaka jioni. Jogoo alikata kamba akaingia kwenye miwa. Nimefika nyumbani juu ya matenga ya nyanya. Domitila ameniambia kwamba wageni walifika mapema, wakapokelewa na Mwalimu Faustino kwa chai, wakaenda kuangalia kiwanja pamoja. Kisha akauliza jogoo wake yuko wapi. Nimejifanya nimelala.

Jumatano, 7 Agosti 1996
Sitaki kuandika. Naandika.

Majaribio yalikuwa leo. Mkuu wa wateuzi anaitwa Bwana Barnaba, mtu mzima, mnene, kofia ya kitambaa, mpole wa maneno. Kiwanja kilijaa. Limbu alicheza kama kichaa wa Mungu. Bao la kwanza kwa kichwa. La pili alimpita beki, akamrudia, akampita tena, maana beki alikuwa ameanguka naye alimhurumia. Bwana Barnaba alivua kofia. Nikamwambia jirani yangu kwa sauti kwamba huyo ni mpwa wangu. Jirani, Mpogoro mwenzangu, akaniuliza dada yangu aliolewa Usukumani lini.

Kisha maswali. Vijana wakapangwa mstari. Ikafika zamu ya Limbu. Akaulizwa umri.

"Kumi na nne," akasema, na ile sauti ya pipa.

Watu wakacheka. Bwana Barnaba hakucheka. Akauliza kama ana ndugu hapa. Nikapiga hatua mbele! Lakini msichana mmoja akanitangulia, ameshika hindi la kuchoma. Minza, mdogo wake Limbu. Amevuka mto kuja kumwona kaka yake. Bwana Barnaba akamuuliza kwa upole ana miaka mingapi.

"Kumi na mitano, shikamoo."

Na Limbu ni nani wake?

"Kaka yangu. Amenitangulia."

Kiwanja kizima kikalipuka kwa kicheko. Bwana Barnaba akafunga kalamu yake. Akasema timu ya taifa haichukui waongo, kwa sababu nchi nzima hufungiwa kwa uongo wa mtu mmoja. Limbu atoke kwenye mstari.

Limbu alitoka. Alivua viatu vya Mwalimu, akavipangusa kwa mkono, akavishika. Kisha aliniangalia. Hakuninyooshea kidole. Mimi nikainama nikafunga kamba za viatu vyangu. Leo nilivaa makubadhi.

Alhamisi, 8 Agosti 1996
Nane Nane. Watu wote wanasherehekea mazao. Mimi sina nilichovuna.

Barazani hakuna aliyenisalimia. Kwa hiyo nimefikiri. Mtu akikosea lazima atafutwe mkosaji. Nikaenda nyumba ya wageni asubuhi, nikamkuta Bwana Barnaba anakula chapati. Nikamweleza kwa huzuni kwamba nimefanya uchunguzi. Aliyemfundisha yule kijana uongo ni mwalimu wake. Sikutaja jina. Nikataja tu shule, timu, na rangi ya baiskeli.

Bwana Barnaba akasema ajabu, kwa sababu huyo Mwalimu ameondoka kwa baiskeli hiyo hiyo kwenda kivukoni kumleta mama wa mtoto.

Nikaona niage. Nimechelewa! Wakaingia. Mwalimu Faustino amelowa jasho, Limbu nyuma yake, na Mama Mbuke mbele, ametembea kutoka kivukoni kwa miguu kwa sababu alikataa kupanda baiskeli. Akasalimia kila mtu. Akakaa. Akasubiri aulizwe.

Bwana Barnaba hakumwambia wanatafuta umri gani. Akamuuliza tu habari za uzazi wake. Mama akahesabu kwa vidole, bila haraka. Wa kwanza alifariki. Limbu alizaliwa huko Shinyanga mwaka uliofuata baada ya vita vya Amini kwisha. Mumewe alikuwa amerudi kutoka vitani na mguu mbaya, ndiyo maana anaukumbuka mwaka huo vizuri. Minza akaja mara tu Limbu alipoanza kutembea. Kisha wakahama na ng'ombe.

"Wewe bwana una watoto?" akamuuliza Bwana Barnaba. "Umesahau walizaliwa lini?"

Bwana Barnaba akasema hajasahau. Akahesabu mwenyewe. Kumi na sita! Akasema mama huyu hajui hata kinachotakiwa, sasa atadanganya kuelekea wapi? Akamgeukia Limbu kwa ukali. Kama una kumi na sita kweli, kumi na nne ilitoka wapi?

Limbu akatazama sakafu. Mwalimu Faustino akamwambia aseme, asiogope. Akaendelea kuitazama sakafu. Angeniokoa, yule mtoto. Alikuwa tayari kubaki Ifakara kwa ajili yangu.

Mama yake ndiye aliyesema. "Ni huyu fundi. Alikuja kwetu, akanywa maziwa, akamchukua mwanangu nyuma ya zizi. Jicho lake lilikuwa linaruka ruka."

Nikasema kulikuwa na kutoelewana kwa lugha. Bwana Barnaba akaniambia nitoke nje. Chapati aliisukuma kidogo kwa kiwiko, nadhani bila kukusudia, ikaanguka kwenye koti la Mzee Dionisi, nililolivaa tena.

Limbu amechukuliwa. Faustino ndiye anayemsindikiza Dar.

Jumapili, 11 Agosti 1996
Stesheni. Mji wote ulikwenda kumsindikiza. Nilisema siendi. Nilikwenda.

Nilimpelekea ile suruali. Nilidhani itasema badala yangu. Kumbe nilipoikata nilikuwa na kumi na nne kichwani. Ilimfikia chini kidogo ya magoti. Vijana wakaanguka kwa kucheka. Limbu hakucheka. Akaikunja vizuri, akasema, "Shikamoo fundi. Ahsante. Nitampa binamu yangu mdogo." Akaiweka ndani ya mfuko wake.

Ningependa angenitukana. Ningejua la kumjibu.

Mwalimu Faustino alipunga mkono dirishani kama rais. Treni ilichelewa kuondoka, kwa hiyo alipunga muda mrefu sana. Mkono haukuchoka.

Jumamosi, 31 Agosti 1996
Mechi. Lusaka. Nimeapa sitasikiliza.

Redio ya Mzee Dionisi iko barazani kwake, na ukuta wake na wangu ni mmoja. Nilikaa upande wangu na kumenya viazi. Domitila alisema sijawahi kumenya viazi tangu nimwoe. Nikamwambia anyamaze, asikie. Nilimaanisha, asisumbue.

Zambia wakapata la kwanza mapema. Wakapata la pili. Nikafurahi! Nasema kweli, humu hakuna wa kunisikia. Nikasema, basi, wataona. Kisha mtangazaji akapaza sauti: Limbu, Limbu, kijana kutoka Ifakara, anampita mmoja, anavutwa jezi, haanguki, bado, anapiga... Baraza zima likapiga yowe. Kisu kikanitoka. Nilikuwa nimesimama juu ya viazi na kupiga kelele pamoja nao, mpaka Domitila akanishika mkono. Sijui nilisimama saa ngapi.

Tukafungwa mbili moja. Baadaye wakamhoji. Akamshukuru mama yake. Akamshukuru Mwalimu Faustino, kwa viatu na kwa kila kitu. Nikabana sikio ukutani. Akasema ahsanteni, na redio ikaanza matangazo ya vifo.

Domitila akanipa fagio nikusanye viazi.

Jumamosi, 14 Septemba 1996
Marudiano, Dar es Salaam. Sare, bila bao. Tumetolewa. Limbu aligonga mwamba dakika za mwisho. Barazani watu walikaa kama msibani. Mimi pia. Nikaenda kwa Mzee Dionisi kumpa pole, akanionyesha doa la mafuta kwenye koti.

Ijumaa, 20 Septemba 1996
Limbu amerudi. Leo mchana amekuja hapa kwenye cherehani, peke yake. Nikatafuta mahali pa kujificha, hakuna. Kibanda changu hakina nyuma.

Ameniamkia. Amekaa. Ameniambia Lusaka kuna baridi, na kwamba kwenye ndege alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Timu moja ya Dar inamtaka, watamsomesha. Ataondoka mwezi ujao. Nikangoja aniseme. Hakunisema. Akatoa jezi ya taifa, ya kijani yenye pindo la njano, ile aliyofungia bao. Ilichanika kutoka bega hadi kiunoni, beki aliivuta naye hakuiachia. Bwana Barnaba alimruhusu aichukue kwa sababu imeharibika.

"Fundi, nataka nimpe Mwalimu kabla sijaondoka. Mama amesema hapa Ifakara hakuna anayeziba nguo kama wewe."

Mama Mbuke amesema hivyo. Kuhusu mimi.

Nikaichukua. Alipokwenda niliikunjua mezani nikaipapasa. Bado ina majani ya Lusaka kwenye mshono. Domitila akaja, akaiona, akasema kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya kufanya kitu kimoja vizuri na kukaa kimya.

Kweli kabisa. Nimekaa kimya tangu saa hizo, nafikiri.

Jezi hii ikining'inizwa hapa kibandani, na kibao: *Ilifunga Lusaka, kocha Fulgensi*, watu watatoka mpaka Mahenge kuja kuitazama. Kwa Faustino itakaa ndani ya sanduku na kuliwa na mende. Ni hasara kwa taifa. Kitambaa cha kijani kimebaki kwenye sare za kwaya, rangi ile ile ukiangalia kwa mbali. Mwalimu siku hizi anavaa miwani mizito. Nitamshonea Mwalimu nyingine leo, nitaichana kuanzia begani, kisha nitaiziba vizuri sana.

Kinachokosekana ni uzi wa njano tu. Nimemtuma Domitila. Nimemwambia ni wa kwaya.