Kidole cha Hilali Ghalani Kasulu

Sogeeni karibu, enyi watu wa nyanda za juu, mlioko Gwarama na mlioko Muyama. Wekeni majembe chini, zimeni redio, msikie habari za Hilali bin Abdalah, mpiga santuri wa Kasulu, simba wa spika mbili, aliyepigana na ukimya akaushinda kwa kidole kimoja!

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, Idd pili, alasiri. Vijana walikuwa wamefurika kwenye dansi la bugi ndani ya ghala la Mzee Isihaka, mfanyabiashara wa maharage, ambaye alikwisha kula yamini mbele ya umati.

"Hilali mwanangu, mara mbili muziki wako umezimika na watu wakanifanyia fujo. Ukizimika na leo, wallahi, kesho narudisha maharage yangu humu, nawe ukawapigie santuri mbuzi wa baba yako!"

Hilali akainama kwa adabu. "Mzee wangu, leo hata mvua ya mawe haiunyamazishi."

Lo, majivuno ya mashujaa! Santuri ya pili haijafika katikati, mkanda wa mpira unaozungusha gramafoni ukakatika. Sauti ya mwimbaji ikazama, ikanguruma kama ng'ombe aliyekwama topeni, ikafa. Ukimya ukaingia ghalani kama jeshi la adui. Suruali za bugaluu zikaacha kupepea. Pale mlangoni Mzee Isihaka akavua kofia yake taratibu, kama sultani anayejiandaa kutoa hukumu.

Jasho likamtoka shujaa wetu. Akawaona wale mbuzi, mmoja mmoja, wakimngoja. Ndipo aliponyoosha kidole chake cha shahada, akakitua juu ya santuri, akaizungusha kwa mkono.

Mwimbaji akafufuka! Ila alifufuka na sauti ya kifaranga, maana Hilali alizungusha kwa hofu, mbio mbio. Akapunguza mwendo, mwimbaji akawa babu mwenye mafua. Mara kidole kikateleza, kikarudi nyuma, na neno "njoo" likarudi nalo: njo, njo, njooo!

Kicheko kikalipuka. Hilali akajua ameaibika, machozi yakamlenga. Lakini Winifrida, binti kutoka Kumsenga, aliyekuwa katikati ya ghala juu ya viatu vya raizoni virefu kama minara, akapaza sauti:

"We Hilali, usiitengeneze! Irudishe pale pale! Miguu yangu imeelewa!"

"Ego! Ego!" wakaitikia wote kwa Kiha, kumkubalia.

Akairudisha. Akaikimbiza, akaivuta, akairudisha tena, na umati ukamfuata kama askari wanaomfuata jemadari: akiivuta, wanazama hadi magotini, akiikimbiza, wanaruka kama bisi kikaangoni. Vumbi likapanda hadi kwenye mabati. Na Mzee Isihaka, aliyekuja kuhukumu, bega lake la kushoto likaanza kumsaliti, kisha la kulia, kisha mzee mzima akawa yumo, kofia mkononi, akipiga kelele, "Irudishe, mwanangu! Maharage yatalala nje!"

Santuri ilipokwisha, kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi. Winifrida akakishika, akakipuliza mbele ya watu wote, na Hilali akasahau jina lake.

Baadaye alipata mkanda mpya, akapiga santuri miaka mingi, Kasulu hata Kibondo; lakini popote alipoalikwa, watu walidai kidole. Basi na ikumbukwe katika tarehe za nchi yetu: kabla ya alasiri ile, wimbo ulijua kwenda mbele tu. Hilali bin Abdalah ndiye aliyeufundisha kurudi.