Hotuba ya Kuzindua Bwawa la Kwemtula, Iliyosomwa Ndani ya Korongo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Kwemtula, Mzee Rehani. Mheshimiwa Mtendaji wetu, Bi Loyce, mwanamke wa shoka. Sheikh wetu na mchungaji wetu, mliokubali kukaa benchi moja kwa sababu benchi lenyewe ni moja. Wazee maarufu, na wazee ambao bado hamjawa maarufu. Akina mama wa ngoma. Vijana wa bodaboda. Wageni waalikwa kutoka Handeni, Old Korogwe na hata Mazinde, mliosikia kuna pilau. Dereva wangu mpendwa Athuman. Na wewe mbuzi wa Bi Tatu uliyefungwa pale ukingoni, maana leo sitaki lawama: kama yupo niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa na ajipigie makofi. (Makofi. Mbuzi anaitikia.)

Kwa wale msionifahamu, ingawa sidhani kama mpo, mimi ni Simeo, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Kitengo cha Maji Yaliyozidi, cheo ambacho hakikuwepo mpaka nilipokipendekeza mwenyewe kwenye kikao nilichokiongoza mwenyewe. Mke wangu Grasiana aliniuliza asubuhi, akiwa ananinyoosha tai, "Baba Catherine, hivi maji yaliyozidi unayaratibu vipi?" Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, nikaingia garini haraka kabla hajaleta swali la pili. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, bwawa! (Kijana wa spika, peke yake: "Lipo!") Nimesema bwawa! (Watu wachache: "Lipo.") Ahsanteni sana, sauti hizo zinaonyesha utayari wa kimkakati.

Mtakumbuka masika iliyopita, korongo hili lilipofurika, likachukua mihogo yote ya bondeni, likaiangusha nyumba ya Bi Tatu, na yeye na wajukuu wake wakalala darasani juu ya madawati. Taarifa ilinikuta mezani, nami, wananchi wangu, nikaacha kula. Niliacha kabisa, mpaka chai ikapoa. Hapohapo nikaunda kamati, kamati ikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikafanya ziara ya kujifunza katika mji wenye hoteli nzuri isiyofurika, na baada ya fizibiliti stadi ya kina, pamoja na warsha ya wadau ambapo nilitoa prezentesheni bila kusoma popote, tukabaini kwamba asilimia mia moja ya mafuriko ya eneo hili husababishwa na maji, na kwamba maji hayo, kwa kiwango cha kutisha, hutoka juu kwenda chini. (Mzee Rehani anakohoa.) Mwenyekiti ameguswa.

Sasa, nilipokuja hapa mara ya kwanza nikakuta mmeshaanza kienyeji. Kila Jumamosi mnaitana msaragambo: wanaume na majembe, akina mama na ndoo za udongo kichwani, vijana wanashindilia kwa miguu huku wanaimba, jioni mnakula ugali wa bada na mlenda mnarudi makwenu. Na tuta limeshamfika mtu mzima kifuani, pale kwenye kona, mbele ya nyumba mpya ya Bi Tatu, ile aliyoijenga kwa kuuza mbuzi wake wote isipokuwa huyo anayetuchangia mawazo. Niliumia sana. Tuta bila mchoro! Tuta bila mshauri elekezi! Hussein, mtoto wa Bi Tatu, akaniambia, "Mheshimiwa, mvua haisubiri mchoro." Nilimsamehe kwa sababu ya ujana wake, nikasimamisha kazi siku ileile. Siwezi kuruhusu wananchi wangu wakingwe na kitu ambacho hakijapitishwa.

Lakini mimi si mtu wa kupoteza rasilimali. Udongo wenu niliagiza uhamishwe wote kutoka pale konani, uletwe hapa katikati ya korongo, ukashindiliwa upya kwa viwango, ukatandikwa zulia, na ndio hili jukwaa nililosimama. Angalieni. Naruka. (Mheshimiwa anaruka.) Halitikisiki! (Makofi kutoka kwa Bi Loyce.)

Wapo wanaouliza bwawa lenyewe liko wapi. Ni swali zuri, na nimelijibu katika mikoa mingi. Bi Tatu aliniuliza nikiwa na mguu mmoja bado garini. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akasema, "Marahaba mwanangu, hilo bwawa la kukinga maji liko wapi, maana wingu kule milimani limekuwa jeusi toka asubuhi." Nikamwambia, mama, bwawa si kitu cha kukimbilia kukiona, bwawa ni mchakato. Mchanga huu mliokalia ndio tumbo la bwawa. Ndiyo maana nimewaomba mkae humu chini na si kule ukingoni penye kivuli, ili picha zitakazokwenda ngazi za juu ziwaonyeshe mlivyojaa, na wakubwa wapate taswira ya ujazo. Kuta zitafuata katika awamu ya mwonekano. Kwa sasa tuna jiwe la uzinduzi lenye jina langu, tuna utepe, tuna mkasi. Kwa vigezo vyote, tumeshafika asilimia tisini.

(Upepo wa baridi. Watu wanatazama upande wa juu wa korongo.)

Mmeusikia huo ubaridi? Huo ndio unaoitwa impakti. Bwawa halijajaa na tayari hali ya hewa imebadilika.

(Bi Tatu anasimama. Kisha akina mama wa ngoma. Kisha wote. Wanaokota viatu.)

Ahsanteni, ahsanteni kwa kunipa heshima ya kusimama, ingawa nilikuwa sijafika sehemu yenyewe. Naomba mkae. Nakumbuka hata kule Korogwe walisimama, ila kule walikaa tena. (Sheikh na mchungaji wanalibeba benchi, huku na huku, wanapanda nalo ukingoni.) Mnaona? Viongozi wa dini wanashirikiana! Hilo nalo liandikwe kwenye mafanikio ya mradi.

(Mzee Rehani: "Mheshimiwa, njoo huku juu, tafadhali.")

Hapana, Mwenyekiti, mimi ni kiongozi wa chini, nakaa na wananchi. (Mzee Rehani: "Wananchi tuko huku.") Ni kweli, naona mmehamia ukingoni, na huo ni uhuru wenu. Athuman, mbona unaondoa gari? Sawa, anawapisha wapiga picha. Nilikuwa nasema, bwawa hili litakapokamilika litazuia mafuriko, litanywesha mifugo, litafuga samaki, litaleta watalii, na kuhusu mngurumo huo, nadhani jenereta inahitaji mafuta.

(Kijana wa spika anapita mbio, amebeba jenereta mabegani. Imezimwa.)

Aa.

(Maji yanafika. Kwanza ni povu na majani makavu, kisha gogo, kisha yote.)

Ndugu wananchi, msiwe na taharuki. Haya ni majaribio. Ninayo megafoni, hotuba inaendelea. Kama mnavyoona, maji yanapita kulia kwangu na kushoto kwangu kwa mpangilio mzuri, utepe ndio huo unakwenda, mkasi umeutangulia, na jiwe la uzinduzi, ambalo fundi alinihakikishia ni jiwe, linaelea. Mimi niko salama. Udongo wa msaragambo ni udongo mzuri, jamani. Mlishindilia vizuri. Kutoka hapa juu naona kuliko mtu yeyote. Naona shamba. Naona kona. Naona maji yamefika konani, na pale palipokuwa na tuta hapana kitu, ni uwazi mtupu, yanageuka, yanaingia.

Bi Tatu, usitazame huku.

(Ukuta wa mbele unaanguka. Bati linafuata.)

Nimeiona. Nilikuwa na ukurasa mzima wa takwimu hapa, naona aibu kuusoma. Wajukuu wako juu? Wote? (Hussein: "Wako wote.") Ahsante, Hussein. Sikutegemea ungenijibu.

Zulia limeondoka. Jukwaa nalo linamegeka, huku nyuma limebaki la kukaa miguu miwili, na mimi, wananchi, naomba niseme ukweli, siwezi kuogelea. Kitengo kizima cha Maji Yaliyozidi, hakuna anayeweza kuogelea. Hatukuwahi kuliona kama ni hitaji.

(Kamba ya katani inatua miguuni pake. Upande wa pili, mbuzi amefunguliwa na anakula majani.)

Nani amenirushia? Bi Tatu? Mama, nyumba yako imeanguka sasa hivi, na aliyelitoa lile tuta ni mimi, wewe unafungua kamba ya mbuzi wako unanirushia mimi? (Bi Tatu: "Jifunge kiunoni, baba. Maneno utamalizia huku.")

Namalizia, mama, hotuba haifungwi bila shukrani. Nawashukuru nyote kwa udongo wenu. Niliwaletea jiwe, utepe na mkasi, bwawa sikuleta. Halikuwahi kuchorwa, halikuwahi kutengewa hata jembe. Kitu pekee kilichojengwa katika mradi huu wote ni tuta lenu, nami nikalibomoa nipate pa kusimama ili mnione vizuri. Sasa mnaniona. Kwa mamlaka niliyojipa, natangaza kwamba Jumamosi ijayo msaragambo utaendelea, bila mchoro, kuanzia pale konani, na mimi nitakuja na ndoo yangu, kama Bi Tatu atakubali nisimame karibu naye.

Bwawa!

(Maji tu.)

Sawa, hamjakosea. Kiatu kimoja kimekwenda. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Bi Tatu, nimeshajifunga, vuta.