Ubao wa Mzunguko na Utulivu wa Hikage

Jumatatu, 14 Oktoba

Barua imefika! Bi Minegishi wa jarida la safari amekubali mwaliko wangu. Atakuja Jumamosi. Anatafuta kijiji kitulivu cha kuandika katika toleo la msimu wa majani mekundu. Tangu niisome sijala vizuri.

Halmashauri imeshasema: abiria wasipoongezeka, basi la bondeni litakoma. Bila basi hakuna mgeni. Bila mgeni nyumba yangu ya wageni inafungwa, na Mitsuyo, mke wangu, ameshapima kwa futi kamba chumba tutakachopewa na binti yetu Osaka. Ghorofa ya kumi na moja! Mimi nikipanda ngazi kuchuma matunda ya kaki tu, naona kizunguzungu.

Muhimu: Hagio asijue. Ana nyumba ya wageni Hikage ya Juu, karibu na maporomoko ya maji. Yeye ana maporomoko. Sisi wa Hikage ya Chini tuna kimya.

Jumanne, 15 Oktoba

Kimya kipi? Leo nimesikiliza. Mzinga wa gesi wa mzee Ogata, wa kufukuza nyani kwenye mikaki yake, unalipuka kila dakika kumi. Kipaza sauti cha kijiji kinapiga muziki wa mazoezi ya viungo saa kumi na mbili asubuhi. Mjane Takiguchi anajifunza ngoma.

Nikapata wazo. Nimeandika kwenye ubao wa mzunguko, ule unaopita nyumba hadi nyumba, kila mtu akisoma anagonga muhuri na kumpelekea jirani. Jarida sikulitaja: "Kwa jambo la nyumbani kwangu, Shigematsu Inokuma, Jumamosi tunaomba utulivu. Muziki na mizinga visisikike. Yupo atakayekuja kutoka mbali. Tafadhali msituulize."

Sentensi ya mwisho ndiyo naipenda zaidi.

Bahati nyingine: mama mkwe, Bibi Fusae, miaka tisini na moja, amevunja meno yake ya bandia. Amejifungia chumbani tangu wiki iliyopita, hataki kuonekana kibogoyo. Mwanamke yule ana sauti kama tarumbeta.

Alhamisi, 17 Oktoba

Watu wamebadilika. Mzee Ogata aliniinamia njiani mpaka nikahofia mgongo wake. Akaniambia nijikaze. Nikasema najitahidi. Akauliza kama limekuja ghafla. Nikamwambia hapana, nimelingoja kwa miaka. Akanitazama vibaya!

Mjane Takiguchi kaleta sufuria ya chakula, kamshika Mitsuyo mikono yote miwili. Mitsuyo akaniuliza nimefanya nini safari hii. Nikasema sijafanya kitu.

Jioni simu ya Hagio. Sauti ya upole. Hagio, mpole! Amejua kuhusu jarida. Hakika amejua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nitaandika haraka kabla aibu haijanimaliza.

Asubuhi kimya kama pamba. Mzinga, hakuna. Ngoma, hakuna. Saa nne basi likafika, akashuka Bi Minegishi na kamera yake. Nikainama. Nilipoinuka, nyuma yake walikuwa wakishuka watu ishirini na sita waliovaa nyeusi, shanga za sala mikononi. Hikage ya Juu nzima! Hagio mbele, tai nyeusi, macho mekundu. Na watu wa Chini nao wakatokea majumbani, nyeusi tupu, na vikapu vya matunda.

Hagio akanishika bega. Akasema marehemu alikuwa mama mwema, ingawa alipata kumchapa kwa figili utotoni.

Nikauliza marehemu gani. Papo hapo mlango ukafunguka, Bibi Fusae akatoka, kibogoyo hivyohivyo, akauliza nani kafa na kwa nini yeye hakuambiwa.

Mjane Takiguchi akapiga yowe lililosikika bonde zima. Hagio alicheka mpaka akakaa chini. "Shigematsu wewe! Umemzika mama mkwe kwa ubao wa mzunguko!"

Nyani nao, kwa kutosikia mzinga tangu alfajiri, wakashuka na kuvamia vikapu. Mzee Ogata akakimbilia mzinga wake. Buuum! Kamera ya Bi Minegishi ikaingia kidimbwini, kwa samaki.

Akaniuliza kwa adabu sana ni wapi anaweza kupata utulivu. Hagio akampeleka kwenye maporomoko. Maporomoko! Yananguruma kama treni!

Wengine wakabaki kula na kuimba mpaka basi la jioni. Bibi Fusae aliongoza nyimbo.

Jumanne, 29 Oktoba

Jarida limeichagua Hikage ya Juu. Hagio kaniletea nakala mwenyewe, nyoka yule. Amesema niweke kwa wageni wangu, wakija.

Lakini! Dereva alihesabu abiria wa Jumamosi ile. Halmashauri imeshangaa. Basi litaendelea mpaka mwisho wa Machi, kisha watahesabu upya. Mitsuyo amerudisha futi kamba kwenye droo. Nimezunguka nyumba zote na vifurushi vya keki za mchele kuomba radhi. Nimemwapia Mitsuyo: hila basi. Nimekoma.

Jumatatu, 10 Machi

Abiria wamepungua tena. Wasomaji wa jarida wanakuja Juu kwa magari yao. Leo nimemwona Mitsuyo akifungua ile droo.

Bibi Fusae ana meno mapya na yuko barazani tangu asubuhi, anabishana na kila mpita njia. Huyo hatumiki mara ya pili.

Mimi, kwa upande wangu, nina kikohozi kidogo. Sijatoka nje tangu Ijumaa. Mapazia nimeyafunga. Na wiki hii ubao wa mzunguko unaanzia kwetu.

Mitsuyo anagonga mlango na kuchungulia. Anauliza kwa nini nimevaa tai, na kwa nini najipiga picha ya kifuani kama zile za msibani, bila kutabasamu.

Nimemwambia sijafanya kitu.